Video ya bibi inakatika asilimia 73 kila nikiitoa, na laptopu inazima yenyewe: nianzie wapi?

Mwalimu_Nyegezi

Habari za jioni wakuu.

Naomba msaada wa mtu anayejua mambo ya video na anayejua mashine za zamani, maana kwangu yote mawili yamegongana na sijui lipi linaleta lipi.

Bibi yangu mzaa mama yuko Ukerewe, nje kidogo ya Nansio. Ni mtu mzima sana, na kwetu ndiye peke yake aliyebaki anayejua ukoo ulivyotawanyika. Likizo ya Juni tulikaa naye uani tukamrekodi. Anasimulia kwa Kikerewe, akituonea huruma sisi wa mjini anaingiza Kiswahili. Ametaja samaki waliokuwa wakiingia kwenye migono kabla sangara hajaenea ziwani: furu, ningu, gogogo, mbofu. Ametaja nani aliolewa wapi, nani alivuka kwenda Majita asirudi, shamba lipi lilikuwa la nani. Vitu ambavyo mama yangu mwenyewe alikuwa havijui.

Mimi nilirekodi kwa simu yangu ya Android, binamu yangu akarekodi kwa iPhone akiwa upande wa pili. Nimeunganisha kwa Shotcut, programu ya kuhariri video, jumla imekuwa saa moja na dakika 35. Kuhariri nimemaliza. Kinachonishinda ni kuitoa iwe faili moja la kuangalia.

Laptopu ni i5 ya kizazi cha tatu, RAM GB 4, diski ya kawaida ya GB 500, Windows 10. Betri haishiki chaji, kwa hiyo muda wote iko kwenye umeme.

Hali ni hii. Naitoa moja kwa moja kwenye flashi ya GB 32, MP4, H.264, 1080p, megabiti 8 kwa sekunde. Inatembea taratibu usiku mzima, ikifika asilimia 73 au 74 inaandika kwamba imeshindikana. Kwenye flashi nakuta faili la GB 3.99 ambalo halifunguki. Usiku mwingine haifiki hata huko: mashine inazima ghafla, bila onyo, na ukigusa chini ni moto kweli. Halafu hata kwenye kipande kifupi nilichofanikiwa kukitoa, sehemu nilizorekodi kwa simu yangu zinaanza vizuri ila kadiri zinavyoendelea sauti na mdomo vinaachana. Bibi ameshanyamaza, maneno bado yanakuja.

Flashi hiyo ndiyo ninayotaka kuitumia kwa sababu itachomekwa kwenye TV ya mjomba Krismasi, ukoo ukiwa umekusanyika, na TV ile haisomi kila flashi. Hapa mjini nimeambiwa mashine imekufa, ninunue nyingine. Kwa sasa sina uwezo huo. Na hata ningekuwa nao, ningependa kwanza kujua kinachotokea, kwa sababu bibi hawezi kuombwa asimulie upya.

---

Kijana_Buzuruga

Pole sana mwalimu. Mimi ningeachana na laptopu kabisa. Hamishia klipu zote kwenye simu, unganisha kwa CapCut, pandisha YouTube kwa kiungo cha siri, mjomba aangalie kwenye TV. Mashine ya kizazi cha tatu siku hizi hata Windows 11 haiikubali.

---

Fundi_Makoroboi

Mwalimu, mfikishie bibi shikamoo yangu kwanza. Usinunue mashine. Nimeandika kirefu, nisamehe, ila nataka uone mwenyewe kinachotokea.

Hiyo asilimia 73 imenieleza karibu kila kitu. Mashine inayozidiwa hukwama popote: leo 20, kesho 61. Klipu iliyoharibika hukwamisha kazi pale pale ilipo klipu. Wewe unakwama sehemu moja, na faili limeishia GB 3.99. Hapo tatizo si prosesa wala programu. Flashi yako imefomatiwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, na FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4. Kikomo chake halisi ni baiti 4,294,967,295.

Piga hesabu nami. Megabiti 8 za picha pamoja na kilobiti 192 za sauti ni kama megabiti 8.2 kila sekunde. Dakika 95 ni sekunde 5,700. Ukizidisha, kisha ukagawa kwa 8 kupata baiti, inakuja karibu bilioni 5.84. Sasa chukua kile kikomo cha bilioni 4.29 ugawe kwa 5.84: asilimia 73 na nusu. Ndipo unapoishia kila usiku. Flashi inaweza kuwa na nafasi tupu ya GB 28, haisaidii, kwa sababu kikomo ni cha faili moja moja.

Na halifunguki kwa sababu MP4 kwa kawaida huandika faharasa yake mwishoni, baada ya picha na sauti zote kuingia. Ikikatika katikati, picha zimo ila TV au kompyuta haina pa kuanzia kuzisoma. Kwa hiyo, kwenye mashine isiyo na betri, chagua MKV badala ya MP4 wakati wa kutoa. MKV ikikatwa na umeme, mara nyingi ile sehemu iliyokwisha kuandikwa inacheza. Ikikamilika salama unaibadilisha kuwa MP4 bila kuirenda (kuitengeneza) upya, ni kuhamisha tu kutoka kasha moja kwenda jingine, dakika chache.

Kwa hiyo toa kwanza kwenye diski ya ndani ya laptopu. Hiyo ni NTFS, haina kikomo hicho. Hilo ndilo faili lako mama, la megabiti 8, ulitunze. Kwa ajili ya TV ya mjomba tengeneza nakala ya megabiti 5: hesabu ile ile inakupa karibu GB 3.7, inaingia FAT32 bila shida. Ungeweza kufomati flashi iwe exFAT, lakini TV nyingi za bei ya chini hazisomi exFAT, na huwezi kujua mpaka umeshafika Nansio watu wamekaa. Baki na H.264 pia, namna ya kubana picha ambayo TV nyingi husoma. Usishawishike na HEVC, namna mpya zaidi ya kubana, eti faili linakuwa dogo, TV ya zamani haitaifungua. Megabiti 5 zinatosha kwa bibi aliyekaa kwenye kiti na kamera iliyotulia. Ingekuwa mpira wa Kirumba, wachezaji wanakimbia na jukwaa zima linaruka, ningekwambia hapana.

Kuzima ghafla ni ugonjwa mwingine kabisa, usiuchanganye na huo. Watuhumiwa ni wawili. Wa kwanza ni umeme: betri yako imekufa, kwa hiyo umeme ukicheza hata nusu sekunde, taa inapepesa tu lakini laptopu inazima. Wa pili ni joto. Weka programu ya Core Temp inayopima joto la prosesa, anza kutoa video, kaa uangalie namba. Ikipanda mpaka karibu na nyuzi 100 na kuganda hapo, prosesa inajipunguza mwendo kujiokoa, ndiyo maana kazi inachukua usiku mzima. Ikizidi hapo inajizima. Ikizima huku namba ziko 70, basi tafuta kwenye umeme au chaja. Chaja nayo iangalie wati zake: ile ya kubahatisha yenye wati pungufu huleta hayo hayo kazi ikiwa nzito.

Nina hakika utakuta joto. Mashine ninazoletewa kutoka Kirumba, Igombe na visiwani, ukifungua feni unakuta vumbi limeshikana na wale wadudu wanaopanda kutoka ziwani kwa makundi na kufuata taa usiku. Wakifa ndani, wananasa kwenye mapezi ya shaba ambako hewa moto inatakiwa itokee, vumbi linakuja juu yao, na baada ya muda hewa haipiti kabisa. Feni inapiga kelele bila kupoza chochote. Humo ndani pia kuna pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na chuma, na kwa umri wa mashine yako itakuwa imekauka. Kusafisha na kubadilisha pesti ni kazi ya muda mfupi. Ukipuliza mwenyewe, shika mapanga ya feni kwa kijiti yasizunguke, upepo mkali unaweza kuua feni.

Ila kabla ya yote haya, leo hii, nakili klipu za asili zote mahali pengine. Hata kabla ya kulala. Diski ya zamani inayozunguka, ndani ya laptopu inayozimwa ghafla mara kwa mara na kuchemka, siiamini hata kidogo. Kisha weka CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, uone inasema nini. Ikiwa bluu, vizuri. Ikiwa njano, usiendelee kuitumia kwa kazi hii.

Kijana wa Buzuruga, wazo la kiungo cha siri ni zuri kwa ndugu walio mbali. Kwa Nansio, watu thelathini wamekaa sebuleni na mtandao unasuasua, mimi ningependa faili liwe mkononi. Na kweli Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya bure Oktoba 14, 2025, lakini mashine ya kuhariri ambayo haiendi benki wala kwenye barua pepe bado inafanya kazi yake.

---

Mama_Kulwa_Igoma

Fundi amemaliza upande wa mashine. Mimi napiga video za harusi na send-off hapa Igoma, nikupe la sauti, kwa sababu hilo halitaondoka hata ukinunua laptopu mpya kesho.

Simu nyingi hazirekodi kwa mwendo mmoja. Mwanga ukipungua, au simu ikipata moto, fremu zinapungua: hapa 30 kwa sekunde, pale 27, pale 24. Sauti yenyewe inaenda mwendo wake ule ule. Programu ya kuhariri inatarajia fremu zilizopangana sawasawa, na klipu ikiwa ndefu tofauti inajikusanya kidogo kidogo mpaka mdomo na maneno vinaachana. Ndiyo maana mwanzo wa klipu uko sawa na mwisho wake haupo sawa. Nadhani mlimrekodi bibi jioni, au chini ya kivuli kizito.

Usijaribu kusogeza sauti kwa mkono. Utarekebisha mwisho, katikati paharibike. Chukua klipu za asili za simu yako, zipitishe HandBrake, programu ya kubadilisha video, moja moja. Pale kwenye fremu chagua 30 na mwendo usiobadilika. Ubora weka RF 18. Namba ikiwa ndogo ubora ni mkubwa na faili ni kubwa, na hapa hutaki kupoteza kitu kwa sababu video itarendwa tena. Kodeki iwe H.264. Kisha kwenye Shotcut badilisha kila klipu ya zamani kwa mpya pale pale ilipo, mikato yako inabaki. Angalia tu kila mkato kwa macho, kwa sababu inaweza kusogea fremu kadhaa.

Za iPhone nazo zipitishe humo humo, ila kwa sababu nyingine. Simu hizo tangu mwaka 2017 zinaweza kurekodi HEVC, na ndivyo nyingi zilivyowekwa. Prosesa yako ya kizazi cha tatu haina sehemu ya kufungua HEVC ndani yake, kwa hiyo kila fremu inafunguliwa kwa nguvu ya prosesa nzima. Huenda sehemu ya huo usiku mzima na ya joto inatoka hapo. Zikishakuwa H.264 utaona tofauti hata ukiwa unahariri tu.

Jambo la kumuuliza binamu: alikutumiaje? Kama alituma WhatsApp kama video ya kawaida, hizo ulizo nazo zimeshabanwa, mwombe za asili. Azitume kama hati, WhatsApp inapokea hati mpaka GB 2, au akupe mkononi kwa waya. Picha ya uso wa bibi ndiyo mali yenyewe, usikubali iliyobanwa.

Hapo kwenye megabiti 5 sikubaliani na fundi. Uani kuna miti, majani yanatikisika nyuma muda wote, na majani ndiyo yanayokula biti. Ukibana, uso unaanza kuwa laini, makunyanzi yanapotea, na watu wa kwenu wanataka kumwona bibi kama alivyo. Mimi ningeigawa video sehemu mbili, kila moja chini ya dakika 60, kwa megabiti 8 zile zile. Kila faili linakuwa chini ya GB 4 na ubora haujaguswa. Tafuta mahali bibi anapopumzika au anapobadilisha habari. Watu wapewe chai hapo katikati.

Kingine: usiwe unarenda yote kwa mpigo mmoja. Gawa kazi vipande vya dakika 15 au 20, kila kipande faili lake, kwa mipangilio ile ile. Umeme ukikatika unapoteza kipande kimoja. Mwishoni unaviunganisha. Mimi nilijifunza hivyo kipindi cha mgao, na hata sasa nikiwa na UPS (betri ya akiba) bado ndivyo ninavyofanya kwa harusi ndefu.

---

Fundi_Makoroboi

Mama Kulwa, la majani limeniingia. Kama kuna miti nyuma, gawa mara mbili. Mwalimu, ukigawa, majina ya faili yaanze na 01 na 02, TV nyingi hufuata mpangilio huo.

---

Kijana_Buzuruga

Nimejifunza kitu hapa. Swali dogo: kuna kile kisanduku kwenye Shotcut cha kutumia sehemu ya video iliyo ndani ya prosesa. Kwa mashine ya mwalimu kinasaidia au la?

---

Fundi_Makoroboi

Kinasaidia kwa kasi. Intel waliingiza sehemu hiyo, Quick Sync, mwaka 2011 kwenye kizazi cha pili, kwa hiyo kizazi cha tatu kinayo, kwa H.264, si kwa HEVC. Inamaliza haraka na haichemshi sana. Lakini kwa biti zile zile picha inakuwa hafifu kidogo kuliko ikirendwa na prosesa yenyewe, na kwenye vizazi vya mwanzo tofauti inaonekana. Kwa kujaribu mikato, itumie. Kwa faili mama la bibi, acha prosesa ifanye kazi yake taratibu.

---

Mwalimu_Nyegezi

Wabeja sana, nyote. Narudi na majibu.

Klipu za asili ziko sehemu tatu sasa: diski ya nje, kompyuta ya shemeji yangu pale Mkolani, na kadi ya kumbukumbu nimempa mama aihifadhi.

Core Temp ilionyesha 98 ndani ya dakika chache tu za kuanza kurenda. Nikaipeleka ikafunguliwa. Fundi, ni kama ulivyosema, wadudu na vumbi vimekuwa kitambaa kizima mbele ya tundu la hewa, kimetolewa kikiwa kipande kimoja. Baada ya kusafishwa na kuwekwa pesti mpya, kazi ile ile inakaa kwenye 79 hadi 82 na haijazima tena.

Binamu alikuwa ametuma WhatsApp kweli. Ameniletea za asili na nilipoziweka sambamba na zile za kwanza nilinyamaza. Kwenye zile za kwanza shanga za bibi zilikuwa doa la rangi, kwenye hizi unazihesabu. Zote zimepita HandBrake. Sauti iko na mdomo mwanzo hadi mwisho, hata kwenye ile klipu ndefu ya migono.

Nimegawa pale anapomaliza habari za ziwa na kuanza za ndoa. Sehemu ya kwanza dakika 52, ya pili 43. Nimezijaribu kwenye TV ya jirani iliyo ya zamani kama ya mjomba, zimecheza zote mbili. Baba yangu mkubwa wa Sengerema aliziona hapa kwangu, akanisimamisha mara kwa mara kusahihisha majina ya watu, kwa hiyo nitaongeza maandishi ya majina chini kabla ya Krismasi. Kwa hiyo naomba msichoke, kutoa video bado kupo.

Lililobaki ni diski. CrystalDiskInfo imetoa njano. Nimepata nafasi ya kununua SSD (diski isiyozunguka) mwisho wa mwezi na kuongeza RAM. Ninunue ipi isije ikakataa kuingia, na hii ya zamani niifanyeje?

---

Fundi_Makoroboi

Nunua SSD ya SATA ya inchi 2.5, inakaa pale pale ilipo diski yako. GB 480 inatosha. Ile nyembamba kama ubao wa RAM, ya M.2, usiichukue, mashine za kizazi hicho kwa kawaida hazina tundu lake. RAM ni DDR3 ya laptopu, kipande cha GB 4 uwe na 8. DDR4 haiingii, mkato wake wa chini uko mahali tofauti. Ukienda dukani ondoka na kile kilichomo ndani ukalinganishe kwa macho.

Diski ya njano usiiandikie kitu tena kuanzia leo. Maandishi ya majina yahariri ukiwa na SSD, si kabla. Windows tutaiweka upya kwenye SSD badala ya kuihamisha, kwa sababu diski yenye sekta mbovu ikisomwa yote kwa mpigo inaweza kufia hapo hapo. Folda ya mradi wa Shotcut uinakili sasa hivi pamoja na zile klipu za HandBrake, na uziweke kwenye njia ile ile ya folda baadaye, la sivyo Shotcut itakuuliza klipu ziko wapi. Njoo na laptopu, SSD na chaja yake, asubuhi kabla watu hawajajaa.